Hii Haikukatika Leo

Muhula uliopita mkono wa pedali ya baiskeli yangu ulikatika karibu na geti. Sikuwa napanda mlima wala sikumpakia mtu. Nilikuwa naenda zangu maktaba, taratibu tu. Nikampelekea fundi vile vipande viwili huku nikilalamika kwamba nimeuziwa chuma kibovu. Akavigeuza juani, akacheka: "Hii haikukatika leo, dogo."

Akanionyesha pale palipokatika. Sehemu kubwa ilikuwa laini, imeingia weusi wa vumbi na mafuta, ina mistari iliyopinda kama ile inayobaki mchangani maji yakikupwa. Sehemu ndogo iliyobaki iling'aa na ilikuwa na chengachenga. Ile nyeusi ilikuwa ikikatika polepole kwa muda mrefu. Ile inayong'aa ndiyo iliyokatika getini.

Sisi wa uhandisi tunaita jambo hili uchovu wa metali. Wenzetu wa sheria na ualimu, msifunue ukurasa mwingine kwanza, nanyi mnapanda mabasi na ndege.

Chukua kipande cha waya. Ukiuvuta kwa mikono haukatiki. Ukiupinda huku na huku mara nyingi, unakubakia mkononi vipande viwili. Sehemu za mashine nazo huchoka hivyo, ila kwa mizigo midogo inayorudiwa maelfu au mamilioni ya mara.

Ufa huanza hivi. Metali imejengwa kwa fuwele ndogondogo. Mzigo ukija na kuondoka, tabaka za ndani ya fuwele huteleza kidogo na hazirudi sawasawa zilipokuwa. Kuteleza huko huzidi mahali ambapo mkazo umejazana: ukingo wa tundu, kona kali, mkwaruzo, penye kutu. Hapo ndipo ufa huzaliwa, na kwa macho huuoni.

Kisha unakua. Kila mzigo unapokuja, ncha ya ufa hufunguka na kusogea mbele kidogo sana, pengine chini ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo mkazo unavyozidi kwenye ncha yake, kwa hiyo mwendo unaongezeka. Mwishowe chuma kilichobaki hakitoshi kubeba hata mzigo wa kila siku. Kinakatika mara moja, na sisi tunasema "ghafla".

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, huko Hawaii. Ikiwa futi 24,000 angani, karibu mita 5 na nusu za paa lake zilibanduka. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafariki. Marubani waliweza kutua wakiwa na abiria wote.

Ndege hiyo ilikuwa na miaka 19 na ilikuwa imesharuka mara 89,680, safari fupi fupi za kisiwa hadi kisiwa. Kila ikipaa, hewa ya ndani huisukuma bati ya mwili wake kwenda nje. Ikitua, bati hupumua. Gundi iliyounganisha mabati ilikuwa imeachia na kutu imeingia, hivyo mzigo ukaangukia riveti. Nyufa zikaanzia kwenye matundu ya riveti hizo, zikakua hadi zikaungana.

Lakini kuna jambo moja katika ripoti ya uchunguzi ambalo halinitoki kichwani. Abiria mmoja alisema aliuona ufa kwenye bati wakati anapanda. Hakumwambia mtu yeyote.

Simlaumu. Nani kati yetu angemsimamisha mhudumu mlangoni, foleni ikiwa nyuma yake, aseme "samahani, naona ufa"? Tunaogopa kuchekwa. Tunajiambia kwamba wenye kazi yao wameshauona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye chuma, ongeza hili: usiuzibe kwa rangi. Rangi inauficha tu, na chini yake unaendelea kutembea. Kilichochoka hutolewa, kinawekwa kingine.

Baiskeli yangu ilikuwa ikilia "tik" wiki nzima kabla ya siku ile. Niliisikia kila nikikanyaga pedali, nikaongeza sauti ya muziki. Wewe ukiona ufa kwenye ngazi ya hosteli, kwenye kiti cha basi, popote, sema, hata wakikucheka.