Kuisoma Historia ya Ulaya Ukiwa Kirongwe: Shika Uzi Mmoja, Uvute

Una mtihani wa historia mwaka huu? Au umeamua tu kuielewa Ulaya, tangu Renesansi hadi zama zetu? Basi usianze na ukurasa wa kwanza wa kitabu. Utasinzia kabla hujafika Florence. Anza na kitu unachokijua, na ukiwa Kirongwe, hapa kisiwani Mafia, unavyo vingi kuliko unavyodhani.

Mbinu yenyewe ni hii. Chagua kitu kimoja cha Ulaya kilichopita huku kwetu: manowari, mkataba, ngome, hata neno. Kiulize maswali matatu. Nani alikileta? Alitaka nini? Na mwaka ule huko kwao kulikuwa kunawaka moto gani? Maswali mawili ya kwanza ni nauli. La tatu ndilo linalokufikisha Ulaya.

Tuanze na manowari, maana iko karibu. Ukipanda boti kwenda Nyamisati unaelekea delta ya Rufiji. Humo ndimo ilimojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliifuata, lakini meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye mikono ile ya mto yenye maji haba. Januari 1915 wakaiteka Mafia. Wakatengeneza uwanja wa ndege hapa kisiwani ili marubani waichungulie Königsberg kutoka juu. Kisha wakaleta Severn na Mersey, meli mbili zisizohitaji maji mengi. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru manowari yake ivunjwe na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa bara, na ikaendelea kupiga katika jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck.

Hadithi hii huenda umeisikia barazani, na wengi huishia hapo. Wewe endelea. Chukua karatasi, andika jina la manowari katikati, kisha uliza: jina hili limetoka wapi?

Königsberg ulikuwa mji wa Prussia. Mwaka 1701 mfalme wa kwanza wa Prussia alivishwa taji humo. Mwaka 1724 akazaliwa humo Immanuel Kant, mwanafalsafa aliyewahimiza watu kutumia akili zao wenyewe. Andika pembeni: Zama za Mwangaza. Mwaka 1871 Prussia, ikiongozwa na Bismarck, iliziunganisha dola za Kijerumani kuwa nchi moja. Andika: muungano wa Ujerumani. Nchi hiyo mpya ikataka jeshi la majini la kushindana na Uingereza, na Königsberg ikashushwa majini mwaka 1905. Andika: mbio za silaha. Sasa ruka hadi 1945. Ujerumani ya Hitler imeshindwa, mji umechukuliwa na Wasovieti, na mwaka 1946 ukaitwa Kaliningrad. Hadi leo uko chini ya Urusi, ingawa Lithuania na Poland zimekaa katikati yake na Urusi yenyewe.

Tazama karatasi yako. Jina moja la meli limekupa miaka zaidi ya 200 ya Ulaya, na hukukariri chochote. Umefuata tu.

Kila mstari unaochora uwe na mwaka mmoja na sentensi moja. Usizidishe. Ukiandika aya nzima hutarudi kuisoma usiku wa kuamkia mtihani.

Uzi unaofuata uvute polepole, maana ndio uliotuweka tulipo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Ujerumani ikakubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Uingereza ikaitoa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba 2. Tena ikaahidi kumshawishi Sultani wa Zanzibar awaachie Wajerumani mwambao wa bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani akalipwa marki milioni 4. Mafia ikaondoka katika himaya ya Zanzibar kwa kalamu, na hakuna mtu wa Mafia aliyeulizwa. Ndiyo maana leo wewe ni mtu wa Mkoa wa Pwani.

Sasa uliza lile swali la tatu. Kwa nini Ujerumani ikitake kijisiwa kile? Fungua ramani. Heligoland iko mbele ya mdomo wa mto Elbe, njia ya meli za Hamburg. Na Waingereza walikipataje? Walikichukua kwa Wadenishi mwaka 1807, wakati wa vita vya Napoleon. Umefika kwa Napoleon ukitokea Mafia, bila kupita sura ya Napoleon kitabuni.

Hapa pana mitego miwili, iepuke. Wa kwanza: wanafunzi wengi huandika kwamba Bismarck ndiye aliyekuwa kansela wakati wa mkataba huu. Sivyo. Alikwisha kuondoka Machi 1890 baada ya kutofautiana na Kaisari Wilhelm II, na kiti chake akakikalia Caprivi. Wa pili: husemwa Ujerumani ilibadilishana Zanzibar na Heligoland, kana kwamba Zanzibar ilikuwa mali yake. Haikuwa mali yake kamwe. Ilichokitoa ni madai yake tu.

Renesansi huwatoa watu jasho kwa sababu wanaiona ni picha za Italia zisizowahusu. Kaishike Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu. Aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano. Tafuta picha ya ngome hiyo iliyopigwa kutoka juu. Utaona umbo kama la mtu aliyelala, kwa sababu wasanifu wa Renesansi waliamini vipimo vya mwili wa binadamu ndio msingi wa uzuri na mpangilio. Zitazame na zile pembe zilizochongoka. Zimewekwa hivyo ili mizinga ya ukuta mmoja ilinde ukuta wa pili. Baruti ilikuwa imeyafanya maboma ya zamani yasifae, na Waitaliano ndio walioongoza kutafuta jibu. Sanaa, hesabu na vita katika jengo moja: Renesansi ndiyo hiyo.

Kabla yake panga miaka minne tu. 1453, Waturuki wanaiteka Constantinople. 1498, Vasco da Gama anapita mwambao wetu. 1505, Mreno Almeida anaipora Kilwa, kisha Mombasa. 1517, Luther anaanza kulipinga Kanisa la Roma. Ukiiweka pamoja utaona kwamba Ulaya iliyokuja kutupora ilikuwa yenyewe inakaribia kupasuka kwa dini.

Ila usiwape Wareno kisichokuwa chao. Pwani yote ukikuta gofu, utaambiwa ni la Mreno. Magofu ya Kua, pale kisiwani Juani, ni ya mji wa Waswahili. Waliouangamiza ni Wasakalava kutoka Madagaska, karne ya 19. Ukienda kuyaona, nenda ukijua hilo.

Mapinduzi ya Ufaransa yaanzie Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Miaka 13 baadaye Paris ikatangaza kwamba binadamu huzaliwa huru na sawa. Je, tangazo hilo liliwahusu wale waliopakiwa Kilwa? Bunge la mapinduzi lilifuta utumwa mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Hilo ndilo swali la kulijadili na wenzako chini ya mwembe, tena mchukue muda. Mtu akikwambia mapinduzi yale yalileta uhuru, mwulize: uhuru wa nani?

Mapinduzi ya Viwanda? Tazama mnazi. Viwanda viliwajaza watu mijini, na watu wa mijini walihitaji sabuni na mafuta ya bei nafuu. Mwaka 1869 Mfaransa Mège-Mouriès alibuni majarini, baada ya Kaisari wa Ufaransa, Napoleon III, kutaka kitu cha kushika nafasi ya siagi. Alitumia mafuta ya ng'ombe. Baadaye viwanda vikageukia mafuta ya mimea, na mbata ya nchi za joto ikapata soko. Napoleon III mwenyewe alishindwa vitani na Prussia mwaka 1870, na ushindi huo ndio uliozaa Ujerumani ya 1871. Uzi wako umerudi Königsberg. Ukiona nyuzi zinakutana hivi, ujue umeanza kuelewa.

Siku usiyo na muda, tumia maneno. Meza, bendera, leso na mvinyo tumevipata kwa Mreno. Shule ni ya Mjerumani. Hela nayo: ni sarafu ndogo aliyoileta mwaka 1904, hela 100 kwa rupia moja. Na Kariakoo, unakotuma mzigo kila mara, jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wetu walibebeshwa risasi na vyakula vya vita visivyo vyao, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi njiani. Ukiandika insha juu ya vita vile, usiwaache nje. Majenerali wana vitabu vyao tayari.

Kwa wazee nenda na adabu: shikamoo kwanza, haja baadaye. Usimwulize mzee mwaka, mwulize vitu. Bibi yake alisimulia nini juu ya Mjerumani? Walikula nini wakati wa vita? Fedha gani zilitumika? Mwaka utautafuta mwenyewe. Kwa mfano, akikutajia stempu za zamani, ujue kwamba Waingereza walipoiteka Mafia walizichukua stempu za Wajerumani na kuzipiga chapa ya jina la Mafia juu yake. Wakusanyaji wa stempu wanazitafuta hadi leo.

Kuhusu lugha, nitakuambia wazi. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini fikiri kwanza kwa Kiswahili. Andika hoja yako kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo mdogo wako ataielewa. Ikishasimama, ndipo uihamishe. Anayeanza na Kiingereza mara nyingi hukariri sentensi ya kitabu, na mtahini akigeuza swali kidogo tu, amekwama.

Ramani zipakue siku mtandao uko vizuri, uzitazame baadaye bila bando. Nne zinatosha: Ulaya ya 1500, ya 1815, ya 1914 na ya 1945. Ziweke sambamba, uangalie mipaka ilivyohama. Poland itakushangaza.

Uzi mmoja kwa wiki unatosha. Jumapili jioni mtafute mtu ambaye hakusoma historia, hata nahodha au muuza samaki, umsimulie kwa dakika tano bila kutazama karatasi. Akikuuliza swali usiloweza kulijibu, geuza karatasi uliandike nyuma. Wiki ijayo anza na hilo.