Filta ya Oili Iliyogoma: Wajibu wa Fundi wa Pikipiki za Matope

Filta haigomi yenyewe. Karibu kila mara hiyo ni alama ya mkono wa fundi aliyetangulia: alikaza bolti kupita kiasi, alipaka silikoni mahali palipotakiwa oringi tu, au aliacha matope yakauke juu ya kichwa cha bolti hadi chuma kikashikana na alumini. Fundi anayepokea chombo cha namna hiyo hurithi kosa lisilo lake, na chombo kikimharibikia mkononi, kosa litahesabiwa kuwa lake. Ndiyo maana hatua ya kwanza haihitaji spana. Mwenye pikipiki aoneshwe hali iliyokutwa, aelezwe kinachoweza kukatika na gharama yake, na maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi ya kazi.

Linalofuata ni kuujua muundo. Katika pikipiki nyingi za matope zenye injini ya mipigo minne, kama Honda CRF250L, filta ni ya karatasi na imekaa ndani ya injini, chini ya kava dogo la alumini linaloshikwa na bolti mbili au tatu nyembamba. Wanaokuja na mnyororo wa kufungulia filta za magari wamekosea mlango. Mnyororo au mkanda una kazi kwenye filta ya kopo, kama ile ya Honda Africa Twin. Hata huko, kutoboa kopo kwa bisibisi ili kulizungusha ni njia ya mwisho, kwa sababu bati huchanika na kumwacha fundi bila pa kushika.

Matope yaoshwe kabla ya kufungua chochote, hasa ndani ya tundu la kichwa cha bolti. Injini iwashwe dakika chache ipate uvuguvugu, izimwe, kisha oili imwagwe kwenye chombo safi. Soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili ndiyo inayolambisha kona za bolti ndogo. Bolti ikikataa, ipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa. Saa moja ya kusubiri ni rahisi kuliko siku nzima ya kuchonga hesi upya. Baada ya hapo kichwa kigongwe mara kadhaa, kwa kunyooka, ili mshtuko uvunje kutu, na bolti ichezeshwe mbele na nyuma badala ya kuvutwa upande mmoja. Ikihitajika joto, zitumike hewa ya moto au maji yanayochemka. Moto wa gesi hauna nafasi karibu na tangi la petroli. Kichwa kikishalika kabisa, nati huchomelewa juu yake baada ya tangi kuondolewa na betri kutenganishwa. Kazi hiyo, sawa na kutoboa bolti kwa drili, haianzi bila idhini mpya ya mwenye mali.

Kava lililobaki limeng'ang'ania baada ya bolti kutoka lisichokonolewe kwa bisibisi kwenye maungio. Mkwaruzo mmoja hapo ni uvujaji wa kudumu. Ligongwe pembeni kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao hadi lizunguke kidogo. Filta yenyewe ikishikana na mhimili wake wa kati, huvutwa taratibu kwa ndoana ya waya. Ikitoka, karatasi yake ifunguliwe na kukaguliwa: vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari ambayo mwenye pikipiki ana haki ya kuipata siku hiyo hiyo.

Wakati wa kurudisha, uangalifu mkubwa uwe kwenye mwelekeo. Filta za Honda za aina hii zina maandishi ya Kiingereza yanayoonesha upande wa nje, na ikigeuzwa inaweza kuinyima injini oili. Oringi iwe mpya na ipakwe oili. Bolti za milimita 6 zinatosheka na nyutoni-mita 10 hadi 12, kiasi ambacho mkono uliozoea magari hukipita bila kujua.

Oili chafu ni taka hatarishi. Kuimwaga mtaroni, au kuiuza ili ipakwe kwenye mbao, si desturi ya kutetewa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamgusa mwenye gereji moja kwa moja. Vilevile, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, kwa hiyo mwanagenzi anayetaka glavu za kushikia oili ya moto anadai haki, haombi fadhila.

Kazi ikabidhiwe baada ya oili mpya kujazwa, injini kuunguruma dakika tatu, kuzimwa, maungio kukaguliwa na kimo cha oili kupimwa pikipiki ikiwa imesimama wima. Filta ya zamani akabidhiwe mwenyewe aione.