KUJIANDAA KWA MAZUNGUMZO NA MKUBWA WA KAZI

Wako wafanyakazi wafanyao kazi miaka mingi pasipo kuketi hata mara moja peke yao mbele ya Meneja Mkuu. Siku hiyo inapofika, ama kwa kuitwa ama kwa kuomba, nafasi yenyewe huwa fupi, labda robo saa. Aliyejiandaa huitumia robo saa hiyo kupata jawabu. Asiyejiandaa hutoka nje, na akiwa mlangoni ndipo akumbukapo maneno yote aliyoyasahau ndani.

Watu wengine hudhani kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ndiyo heshima. Wengine huingia na hasira ya miezi sita, wakaimwaga yote kwa mara moja. Njia hizi mbili zina hasara moja: mkubwa hapati jambo la kuamua. Hawezi kuamua juu ya manung'uniko, lakini aweza kuamua juu ya ombi. Kwa hiyo kazi ya kujiandaa ni kuligeuza nung'uniko liwe ombi ambalo laweza kujibiwa kwa ndiyo, au kwa hapana, au kwa kutaja siku.

JAMBO MOJA, SI MATANO

Kwanza, mfanyakazi na achague jambo moja. Akipeleka matano, mkubwa atalijibu lile lililo jepesi, na muda utakwisha. Jambo zito na litangulie. Mengine yatapata siku yake. Yafaa aliandike kwenye karatasi kwa sentensi tatu: ya kwanza yasema nini kimetokea, ya pili yasema hasara yake ni nini, ya tatu yasema anaomba nini. Ikiwa sentensi ya tatu haiandikiki, basi hajawa tayari kuingia ofisini.

Msomaji na afikiri juu ya kiwanda cha chai, mfano wa vile vilivyomo katika Kericho au Murang'a. Mashine ya kukatia majani ina mkanda uzungukao kwa nguvu, nao hufunikwa kwa kifuniko cha chuma. Fundi amekiondoa kifuniko hicho ili atengeneze mashine, na hakukirudisha. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akimwambia Meneja, "Bwana, mashine ile itatuua," amesema kweli, lakini Meneja atajibu, "Nimesikia," na huo utakuwa mwisho wa habari.

Lakini akisema hivi, jambo huwa jingine: "Kifuniko cha mkanda kiliondolewa tarehe 3 wala hakijarudishwa. Tarehe 11 mkanda ulishika koti la mwenzetu ukairarua mikono yake, na mashine ikasimamishwa dakika 40. Naomba mashine isitumiwe mpaka kifuniko kirudishwe." Hapo Meneja ana tarehe, ana hasara, na ana ombi. Akikataa, atakuwa amekataa jambo linalojulikana, wala hataweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa. Leo ni koti lililoraruka. Kesho huenda ukawa mkono wenyewe.

DAFTARI NI SHAHIDI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo na haki ya mfanyakazi. Aliyefanya kazi saa za ziada na aandike tarehe, saa aliyoanza na saa aliyomaliza, siku ile ile, si baada ya mwezi. Karatasi za mshahara na zitunzwe pamoja na barua ya kuajiriwa.

Mwenye kuomba nyongeza ya mshahara na apeleke hesabu ya kazi yake: kazi gani ameongezewa, tangu lini, na amefunza wangapi. Shida za nyumbani ni za kweli, lakini Meneja hana kipimo cha kuzipimia. Kipimo alicho nacho ni kazi.

SHERIA YASEMAJE

Yafaa kuijua sheria kabla ya kuingia, ili mtu asiombe kama hisani kitu ambacho ni haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi mfululizo. Tena yampa walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Juu ya hatari, Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamwagiza mfanyakazi amjulishe msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala kumfukuza kwa sababu tu ameeleza kwamba mahali pake pa kazi si salama. Ajuaye hayo huingia ofisini bila kutetemeka.

NJIA YA KUFIKA OFISINI

Haifai kumruka msimamizi. Swali la kwanza la Meneja litakuwa, "Je, msimamizi wako anajua?" Basi mfanyakazi na amwambie msimamizi kwanza, aandike tarehe aliyomwambia na jawabu alilopewa. Asipotatuliwa, ndipo aombe kumwona mkubwa, akitaja jambo lenyewe. Ikiwa lalamiko ni juu ya msimamizi mwenyewe, yafaa kupitia ofisi ya wafanyakazi au chama cha wafanyakazi.

SIKU YENYEWE

Afike mapema, na simu yake aizime. Baada ya salamu aseme jambo lake bila kuzunguka, kisha anyamaze asikilize. Mkubwa akiuliza jambo asilolijua, na ajibu, "Hilo sijui, nitakuletea kesho." Jawabu hilo lina heshima kuliko kubuni, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Aseme kwa lugha anayoimudu. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, wala hapana aibu kukitumia ofisini. Asiwaseme wenzake wasiokuwapo. Kabla ya kuinuka na aulize, "Nitegemee jawabu siku gani?"

AKIITWA YEYE

Mara nyingine mkubwa ndiye amwitaye mfanyakazi. Si vibaya kuuliza kwa adabu, "Nije na karatasi gani?" Kwa swali hilo atajua mazungumzo yahusu nini. Ikiwa mwajiri anafikiri kumwachisha kazi kwa ajili ya utovu wa nidhamu, kazi duni au udhaifu wa mwili, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chataka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mjumbe wa chama kazini, aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao wote wawili hayana budi kusikilizwa kabla ya uamuzi. Mfanyakazi na aikumbuke haki hiyo, wala asitie sahihi karatasi asiyoisoma na kuielewa.

BAADA YA MAZUNGUMZO

Siku ile ile na aandike barua fupi ya shukrani, akitaja yaliyokubaliwa na siku iliyowekwa, na nakala aiweke. Wakubwa huhamishwa, na ahadi ya mdomo huhama nao. Barua hubaki katika faili. Siku iliyowekwa ikipita kimya, barua hiyo ndiyo mlango wa kurudi kuuliza, pasipo ugomvi wala kuanza upya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nung'uniko na ombi hutofautianaje? Toa mfano wa kazini kwako.
2. Andika sentensi tatu juu ya jambo moja ambalo ungependa kumweleza mkubwa wako.
3. Kwa nini yafaa kumwambia msimamizi kwanza, na ni wakati gani haifai?
4. Mfanyakazi aweza kwenda na nani anapoitwa kwa shauri la kuachishwa kazi?
5. Barua ya baada ya mazungumzo yasaidia nini mkubwa akihamishwa?