Mwalimu, Anza na Kabalega

Mdogo wangu wa Tunduma, swali lako nimelipata. Unataka darasa la tano lijifunze habari za meli za wafungwa, zile zilizowahamishia Waingereza Australia, na mwalimu mkuu anataka mada hiyo iguse kila somo. Unahofu kwa kuwa watoto wako hawajawahi kuiona bahari.

Hawaijui bahari, lakini mpaka wanaujua kuliko mimi. Waulize: mama anayevuka kwenda Nakonde kununua bidhaa akarudi jioni, ana tofauti gani na mtu anayevushwa kwa nguvu na kuambiwa asirudi tena? Waache wabishane. Ramani itakuja baadaye.

Halafu, nakusihi, usianze na Australia. Anza na Kabalega, Omukama wa Bunyoro. Yeye na Kabaka Mwanga wa Buganda walikamatwa na Waingereza mwaka 1899, wakapelekwa Shelisheli. Mwaka uliofuata akaletwa Prempeh, mfalme wa Asante kutoka Afrika Magharibi. Wafalme watatu kisiwani, katikati ya Bahari ya Hindi! Mtoto gani atasinzia hapo? Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajafika kwao. Wakikuuliza kuhusu Tanzania, una Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshindwa Zanzibar mwaka 1896 katika vita visivyofika hata saa moja, akakimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni naye.

Sasa Australia itaingia yenyewe. Meli 11 za kwanza ziling'oa nanga Uingereza Mei 1787, zikafika Januari 1788. Mpaka mwaka 1868 walikuwa wamepelekwa watu wapatao 162,000. Hisabati hiyo hapo: miaka mingapi, na kwa wastani watu wangapi kila mwaka? Kwenye Sayansi zungumzia kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu uliowasumbua mabaharia waliokosa matunda na mboga mbichi. Peleka ndimu darasani, wailambe, wacheke, ndipo utaje vitamini C. Kwenye Kiswahili waandike barua, ila iwe ya aliyebaki nyumbani akisubiri. Somo lisiloingia, liache. Kulazimisha mada kwenye kila kipindi ni kumfurahisha mkaguzi tu.

Watachanganya meli hizi na majahazi ya watumwa, kwa hiyo wafafanulie mapema. Mfungwa wa Australia alihukumiwa na mahakama, mara nyingi miaka 7, hata kwa wizi mdogo, na kifungo kikiisha aliwekwa huru. Mtumwa hakuwa na kosa wala tarehe ya kutoka. Kabalega naye kosa lake lilikuwa kupigania nchi yake. Hapo kipindi cha Maadili kitajaa chenyewe.

Kuhusu igizo unalopanga, watoto wafungwe kamba na wasukumwe "melini", hapana, mdogo wangu. Huenda darasani mwako yupo mtoto ambaye baba yake yuko gerezani sasa hivi, na wenzake wanajua. Igizeni mahakama badala yake: hakimu, mashahidi, mtuhumiwa anayejitetea. Na kabla ya siku hiyo, ulizia kimyakimya nani ana mzazi aliyefungwa, umpe kazi ya hakimu.