BAISKELI MBILI, SIKU MOJA: MWANZA HADI LAMADI

Kijana mwenzetu, Kanda ya Ziwa bila baiskeli huwezi kuifikiria. Baiskeli hubeba pamba, hubeba ndoo za maji, humfikisha mwanafunzi shuleni na mgonjwa zahanati. Wengi wetu tumejifunza kuiendesha tukiwa wadogo, mguu mmoja umepenyezwa chini ya mtalimbo kwa sababu kiti hatukifikii.

Lakini safari ya kutwa nzima ni habari nyingine. Kule Ujerumani, ambako Karl Drais alitengeneza babu wa baiskeli mwaka 1817, ni jambo la kawaida kuwaona mume na mke wamefunga mizigo kwenye baiskeli zao wakisafiri kando ya mito kama Rhine na Elbe. Mahali pengi huko wana njia za baiskeli peke yake. Sisi tunagawana barabara na mabasi, na jua letu halina mchezo. Je, safari kama hiyo inawezekana kwetu bila kuumia? Inawezekana, ila ina masharti yake.

Tuchukue mfano. Mume na mke, vijana wenye afya njema, wanataka kutoka Mwanza mjini hadi Lamadi kwa siku moja. Hao wawili ni wa kufikirika, lakini barabara ni ya kweli: Nyakato, Igoma, Kisesa, Nyanguge, Magu, Nyashimo, kisha Lamadi. Ni karibu kilometa 120, na Magu ipo karibu katikati.

KABLA YA SAFARI

Mwili haukopeshi. Wawili hawa walianza mazoezi wiki nyingi kabla: kilometa 20, kisha 40, kisha 60. Fundi amekagua breki, mnyororo, spoki na matairi. Wamebeba pampu, viraka na gundi. Kiti kimepimwa: pedeli ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatalalamika kabla ya Kisesa.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Wamekubaliana mapema kwamba mwendo utapangwa na aliyechoka, si na mwenye nguvu. Na yeyote kati yao akisema "tulale Magu", watalala Magu. Hakuna kubishana, hakuna kutaniana.

ASUBUHI: KUNYWA KABLA YA KIU

Wanaondoka saa 12:30 asubuhi, kunapopambazuka. Mwendo wao ni kilometa 15 kwa saa. Kilometa 60 za kwanza ni saa 4 za kukanyaga. Ongeza nusu saa ya kupumzika njiani, wafike Magu saa 5.

Wanapita upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Wamevaa nguo za rangi inayoonekana kwa mbali, na kofia ngumu kichwani. Wakisikia lori au basi nyuma yao, hawasubiri kupigiwa honi mara ya pili, wanasogea pembeni.

Misuli inapofanya kazi hutoa joto. Mwili hujipoza kwa jasho, na kwenye jua kali mtu anayekanyaga kwa bidii anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kiu huchelewa kutoa taarifa. Kwa hiyo wanakunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa wa rangi hafifu, mambo ni mazuri. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, simama unywe. Ila usijilazimishe kunywa malita kwa malita ya maji matupu, maana chumvi ya damu nayo hushuka, na hilo pia ni hatari.

Chumvi hutoka na jasho. Unaweza kuirudisha kwa chakula chenye chumvi, au kwa kinywaji cha kutengeneza nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi.

Na chakula je? Sukari ya akiba iliyomo kwenye misuli na ini haitoshi kazi nzito ya zaidi ya saa moja na nusu au mbili hivi. Ikiisha, miguu inakuwa kama ya kuazima. Ndiyo maana wanakula kidogo kidogo njiani. Na hapa Wasukuma walishatutangulia zamani: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni chakula cha safari hasa. Ni vyepesi, haviharibiki, vina wanga wa kutosha. Ongeza karanga na ndizi mbivu.

MCHANA: ZIWA LINAPOITA

Saa 5 wapo Magu. Sasa jua limekuwa kali, na kazi yao kuanzia hapa hadi saa 8 ni kukaa kivulini, kula ugali na samaki, na kulala kidogo.

Ziwa haliko mbali. Shati limeganda kwa chumvi, mgongo unawasha, na maji yanang'aa kwa mbali. Mume anasema, "Mke wangu, si tukajimwagie dakika tano tu?" Hapo ndipo wasafiri wengi huponzeka.

Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Mnyoo wa kichocho uligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Ndiyo maana ugonjwa huo huitwa pia bilharzia. Mgonjwa akijisaidia majini au kando ya maji, mayai huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono. Baadaye hutoka wakiwa wengi, na hupenya ngozi ya binadamu katika dakika chache tu, bila kidonda wala maumivu makubwa. Vijidudu hao hutoka kwa wingi zaidi mchana, jua likiwa kali. Yaani saa ile ile ambayo ziwa linakuvutia kuliko saa zote, ndiyo saa ya hatari zaidi.

Leo hakuna kitu utakachoona. Baada ya wiki kadhaa inaweza kuja homa. Ukikaa miaka bila tiba, tumbo huuma, choo huwa na damu, ini huharibika. Habari njema ni kwamba dawa ipo, inaitwa praziquantel, na kituo cha afya kitakuelekeza. Lakini ukitibiwa na kurudi kwenye maji yale yale, utaambukizwa tena.

Basi mke anajibu, "Tuombe ndoo." Wanaoga maji ya kisima kilichofunikwa. Ukiwa huna ila maji ya ziwa, yachemshe kisha yaache yapoe, au yatunze kwenye chombo safi kisicho na konokono kwa siku 2 kabla ya kuoga.

ALASIRI: HESABU HAIDANGANYI

Zimebaki kilometa 60: saa 4 za kukanyaga na nusu saa ya kupumzika. Wakiondoka saa 8 kamili watafika Lamadi saa 12:30 jioni, jua likikaribia kuzama. Wakichelewa zaidi ya nusu saa, giza litawakuta njiani. Lamadi ipo jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Si mahali pa kukanyaga baiskeli usiku, mbali na hatari ya magari.

Upepo ukiwapinga, wanapokezana kukaa mbele, maana aliye nyuma hutumia nguvu kidogo. Mmoja akipata kizunguzungu, kichwa kuuma sana au kichefuchefu, safari imesimama: kivuli, maji, kitambaa chenye maji mwilini na kupepewa. Akianza kuongea ovyo au kuzimia, ni hospitali mara moja huku mkiendelea kumpoza. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Kulala Magu si kushindwa. Barabara ya Lamadi itakuwepo hata kesho.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Eti msichana akiendesha baiskeli anapoteza ubikira?
Hapana. Ubikira maana yake ni kutowahi kujamiiana. Utando wa ukeni hutofautiana kati ya msichana na msichana. Wengine wanao kidogo sana tangu kuzaliwa, na michezo inaweza kuubadili. Hali yake haithibitishi lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Hata siku za hedhi msichana anaweza kuendesha, mradi anajisikia vizuri.

Je, baiskeli humaliza nguvu za kiume?
Kuendesha kwa kawaida hakumalizi. Lakini sehemu za siri zikifa ganzi, hiyo ni taarifa: mishipa inabanwa. Simama kwenye pedeli mara kwa mara, rekebisha kiti, pumzika. Ganzi isipoisha, muone mganga.

JIPIME MWENYEWE

Mke amechoka, mwendo umeshuka hadi kilometa 12 kwa saa. Ni saa 8 kamili, wapo Magu. Watafika Lamadi saa ngapi, na wewe ungeamua nini?

Jibu: 60 gawanya kwa 12 ni saa 5. Hata bila kupumzika watafika saa 1 usiku, gizani. Wanalala Magu.