SOMO: MJANE MBELE YA KADHI, NA WAMAMA WAWILI WA UGANDA

Masomo: Luka 18:1-8, Kutoka 1:15-21



Mama akifa kwa uzazi sisi huimba, tunazika, tunasema Mungu amependa. Mjane wa Luka 18 hakusema hivyo. Alirudi kwa kadhi mpaka akapata haki yake. Jambo kama hilo limetendeka katika nchi hii iliyotupokea.

Agosti 2009 Sylvia Nalubowa alifariki Mityana katika kujifungua mapacha. Desemba 2010 Jennifer Anguko, aliyekuwa diwani, akafariki hospitalini Arua, naye kwa uzazi. Mwaka 2011 familia zao na shirika la CEHURD wakapeleka shauri Mahakama ya Katiba. Walisema serikali isipoweka vifaa vya lazima na wahudumu wa kutosha kwa wazazi, inavunja haki ya uhai. Mwaka 2012 majaji wakalitupa: haya ni mambo ya siasa, wakasema, na mahakama haiwezi kuyaingilia. Wengi wetu tungeishia hapo. Wao walikata rufaa. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaagiza shauri lisikilizwe, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilivunja Katiba, ikaiamuru ilipe familia fidia na kuipa afya ya wazazi nafasi kubwa zaidi katika bajeti. Miaka tisa!

Kuna ndugu husema mchungaji asiguse siasa. Lakini Farao alikuwa na siasa yake juu ya uzazi, na Shifra na Pua, wakunga tu, walimcha Mungu kuliko yeye. Siasa hufungua mlango pia. Ada katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda ziliondolewa mwaka 2001, wakati wa kampeni ya urais. Mlango huo ni wetu pia, maana mkimbizi hutibiwa katika vituo hivyo hivyo kama mwenyeji, ingawa mara nyingi mama bado huambiwa aje na glovu na pamba yake.

Sasa niseme langu. Miaka iliyopita niliitwa usiku kwa mama aliyekuwa akitokwa damu. Niliomba kwa saa mbili kabla ya kutafuta gari. Mama alipona, mtoto hakupona. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba hata ndani ya boda boda au teksi ningeweza kuomba.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubali sanduku la nauli ya wazazi, na wadada wawili wanaojua Luganda watawasindikiza wamama kliniki, maana mtu asiyeelewa anachoulizwa hupitwa kwenye foleni. Wababa, msingoje uchungu uanze. Jumapili ijayo kila mume ambaye mke wake ni mjamzito aje akijua kadi ya kliniki iko wapi na siku ya kurudi ni ipi. Nitauliza mmoja mmoja, baada ya ibada.