Mlinzi Mdogo wa Samaki

Jodari avuliwapo hana budi kutiwa katika barafu mara moja. Akiachwa juani, vijidudu vilivyomo mwilini mwake huongezeka upesi, na baadhi yao hufanya sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haina harufu, wala moto hauiondoi. Mpishi aweza kumkaanga samaki huyo vizuri kabisa, na hata hivyo alaye akaumwa na kichwa, uso ukamwiva, na mwili ukatoka vipele. Basi pua na macho havitoshi kuwa walinzi.

Hatari huzidi samaki apelekwapo mbali. Mvuvi humpa mchuuzi, mchuuzi humpa mwenye gari, na mwenye gari humfikisha sokoni. Huenda barafu iliyeyuka njiani, kisha akatiwa barafu mpya karibu na mji. Mnunuzi humkuta yu baridi, wala hajui yaliyompata.

Kwa ajili hiyo wataalamu wamebuni kibandiko kidogo cha kubandikwa juu ya pakiti. Namna moja ya kibandiko hicho ina vifuko viwili vyembamba. Katika kimoja mna mafuta pamoja na rangi. Katika cha pili mna kimeng'enya, yaani kitu kiwezacho kuyavunja mafuta, mfano wa vile viusaidiavyo mwili kusaga chakula. Samaki akiisha kufungwa, kibandiko hubonyezwa, ukuta wa katikati ukapasuka, na vitu hivyo vikachanganyika. Mafuta yavunjikapo hutoa asidi, na asidi huigeuza rangi kutoka kijani kuwa manjano.

Siri yake ni joto. Katika baridi kazi hiyo huenda polepole. Katika joto huenda mbio, kama vile vijidudu waongezekavyo mbio katika joto. Tena, rangi iliyokwisha kugeuka hairudi. Samaki aliyekaa juani aweza kurudishwa katika barafu, lakini kibandiko hakisahau. Alama zenye kazi kama hiyo zilianza kutiwa katika chupa za chanjo ya polio mwaka 1996, ili muuguzi ajue kama dawa imeharibiwa na joto.

Lakini mlinzi huyu naye ana mpaka wake. Hamwoni samaki mwenyewe; hupima joto tu, tena tangu saa ile alipobonyezwa. Samaki akiwa ameharibika kabla ya kufungwa, kibandiko kitakuwa cha kijani vilevile, na mnunuzi atadanganyika. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ungali mikononi mwa mvuvi. Asipokuwa mwaminifu pale chomboni, hakuna kibandiko kiwezacho kumponya alaye.

MASWALI
1. Kwa nini kumpika samaki mwenye histamini hakumfai alaye?
2. Ni kitu gani kiigeuzacho rangi ya kibandiko?
3. Kwa nini kibandiko hakiwezi kushika mahali pa uaminifu wa mvuvi?